Miaka 1250 ya kijiji gani? Kisa cha jubilei moja huko Hessen

Kabla sijaanza

Kisa hiki namwandikia yeyote ambaye siku moja ataambiwa "wewe si umesoma historia, hebu tuandikie ka-historia kafupi ka kanisa letu", maana kwangu ilianza hivyo hivyo. Jina la kijiji sitaji, watu nawaita kwa kazi zao tu, na vitu viwili vitatu vidogo nimevigeuza ili mtu asije akakitafuta kwenye ramani akakipata. Ila abasia (nyumba kubwa ya watawa), wafalme, vitabu na miaka ya historia ya Ujerumani vimekaa vile vile vilivyo.

Mimi ni Mtanzania, nimekulia usharika wa KKKT, kanisa la Kilutheri la Tanzania, na huku Hessen, jimbo la Ujerumani, ni mwaka wa 11 huu. Nilisoma historia chuoni na niko kwenye baraza la wazee wa kanisa hapa kijijini, mweusi peke yangu kwenye meza ya watu 9. Nalisema hili mapema kwa sababu huko mbele lina kazi yake.

Kijiji chenyewe na kanisa lake

Tuko Oberhessen, upande ule wa Marburg na Gießen. Watu kama 600, duka lilifungwa zamani, basi inapita mara chache, kanisa liko juu kidogo limezungushiwa ukuta wa mawe pamoja na makaburi. Mnara wake ni mnene kuliko unavyohitajika kwa kengele, na madirisha ya chini ni membamba kama ya boma, na kweli ndiyo kazi yake nyingine ilikuwa hiyo, vita ikija watu wanakimbilia humo na mifugo yao. Jina la kijiji lina "Ober" mbele, yaani cha juu, tukiite Ober-X. Sasa mtu mwenye akili angejiuliza palepale, kama kuna X ya juu, ya chini iko wapi? Sisi hatukujiuliza. Miaka 90 hakuna aliyejiuliza.

Ndani, ukutani mkabala na mlango, kuna mchoro mkubwa wa Mtakatifu Kristofa kambeba mtoto Yesu begani anavuka mto. Makanisa mengi ya zama za kati walimchora hapo makusudi ili kila anayechungulia mlangoni amuone, maana waliamini ukimuona Kristofa leo basi leo hufi ghafla bila kutubu. Huyu wetu alikaa chini ya chokaa miaka mingi sana, wakaja kumkuta wakati wa ukarabati, uso nusu umekwanguka.

Chokaa kilitoka wapi ni stori ndefu na mimi naipenda kwa hiyo mtanivumilia. Mtawala wa Hessen, Landgraf Philipp, aliitisha sinodi, yaani mkutano wa kanisa, pale Homberg Oktoba 1526 na kuanzia hapo nchi yake ikaingia kwenye matengenezo ya kina Luther, nyumba za watawa zikavunjwa, 1527 akaanzisha chuo kikuu cha Marburg, cha kwanza kuanzishwa kikiwa cha Kiprotestanti, na 1533 nyumba za watawa kama Haina zikageuzwa hospitali. Philipp alipokufa 1567 nchi ikagawiwa wanawe 4. Tawi la Marburg likakosa mrithi 1604, sehemu kubwa ya kwetu ikaenda kwa Moritz wa Kassel, na Moritz alikuwa ameelemea kwa Wakalvini, tawi jingine la Uprotestanti, hivyo 1605 akatoa amri: picha na sanamu zitoke makanisani, na kwenye meza ya Bwana umegwe mkate wa kweli badala ya zile kaki nyembamba. Marburg mjini watu walifanya vurugu kanisani kabisa, wahubiri wapya wakapigwa. Halafu 1624 eneo likaangukia kwa binamu zao wa Darmstadt na Ulutheri ukarudi. Kwa hiyo babu mmoja wa kijijini angeweza kubatizwa Mlutheri, akaoa chini ya Wakalvini, akazikwa Mlutheri, na hajahama hata mtaa. Haya yote yana hati, vitabu vya ubatizo na ndoa vya sharika nyingi za huku vinaanzia miaka ile ile ya mwisho wa karne ya 16 na karne ya 17. Hapa hatukuwa na tabu.

Tabu ilikuwa huko nyuma zaidi.

Kitabu cha Lorsch ni nini

Karibu kila kijiji cha kusini na kati ya Hessen kinachojisifia umri mkubwa kinategemea kitabu kimoja. Abasia ya Lorsch ilianzishwa 764 na bwana mmoja mkubwa, Graf Cancor, pamoja na mama yake Williswinda, mwaka uliofuata wakaletewa masalia (mabaki ya mwili) ya Mtakatifu Nazari kutoka Roma, na 772 ikawa chini ya mfalme Karl mwenyewe, huyu wanayemwita Karl Mkuu. Masalia yakivuma na mfalme akiwa ndiye mlezi, watu wakaanza kutoa. Shamba huku, mzabibu kule, kinu, msitu, kutoka Uholanzi ya leo mpaka chini kwenye milima ya Alpi, na kila zawadi ikaandikiwa hati: mimi fulani kwa ajili ya roho yangu nampa Mtakatifu Nazari kitu fulani kilichopo mahali fulani.

Hati zenyewe zile za kwanza hazipo tena. Tulichonacho ni kitabu ambacho watawa walikikusanya kati ya 1170 na 1195 hivi, baada ya miaka 400, wakanakili hati zaidi ya 3800 kwenye ngozi. Kwa nini wakati ule? Kwa sababu abasia ilikuwa inapukutika, mali zinaliwa na mabwana wa jirani, na wao walitaka ushahidi. Hawakuwa wanaandika historia ya vijiji, walikuwa wanaandika orodha ya madai. Wakanakili kwa kukata kata, hasa majina ya mashahidi, na wakazipanga hati kwa majimbo ya zamani. Haikusaidia sana, 1232 abasia ikapewa askofu mkuu wa Mainz. Kitabu leo kiko hifadhi ya nyaraka ya serikali pale Würzburg.

Muhimu zaidi kwa kisa chetu: mtawa wa karne ya 12 akiandika jina la kijiji, anaandika jina lililokuwa kwenye hati ya karne ya 8. Hasemi ni kijiji kipi kati ya viwili vyenye jina moja. Pengine hata yeye alikuwa hajui.

Mambo yalivyokwenda

Mwaka mmoja na nusu kabla ya sherehe, kamati ya jubilei iliundwa. Mwenyekiti alikuwa mtu wa zimamoto, mchapakazi haswa, si mtu wa maneno. Mwalimu mstaafu akapewa kitabu cha historia, nami nikapewa sura ya kanisa, kurasa 12. Msingi wa kila kitu ulikuwa historia ya kijiji iliyopigwa taipu na mchungaji wa hapa miaka ya 1930, nakala moja tu, inakaa kwenye sefu. Mle imeandikwa bila kupepesa macho kwamba kijiji chetu "pamoja na kanisa lake" kimetajwa kwenye kitabu cha Lorsch, na mwaka umetajwa.

Kidogo kuhusu hiyo miaka ya 1930. Tangu 1933 ofisi za sharika zilikuwa zimefurika watu wanaotaka nakala za vitabu vya ubatizo ili wathibitishe kwa utawala wa Hitler kuwa hawana bibi wala babu Myahudi. Mchungaji aliyekaa mchana kutwa anawaandikia watu vyeti vya damu, usiku anaandika historia ya kijiji chake kuwa cha kale kuliko vyote bondeni, mimi simhukumu maana simjui, ila kitabu chake nakisoma nikiwa na hewa ya wakati ule puani.

Basi. Kamati ikaagiza mabango, fulana, na vikombe 500 vya bia vya udongo vyenye picha ya mnara na mwaka. Wiki hiyo hiyo mimi ndiyo naanza kusoma. Nilikuwa nimechelewa miezi 4, nilikuwa na mtoto mdogo na zamu za usiku, hiyo si sababu lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nikafungua hati yenyewe, kwenye toleo la Karl Glöckner lililotoka 1929 hadi 1936 ambalo ndilo watu wa fani wanalitumia. Mistari 5 tu. Mume na mke wanatoa kwa Mtakatifu Nazari, kwa ajili ya roho zao, shamba moja la kutosha familia moja, malisho yake, na watu 4. Mahali: X. Jimbo: Lahngau. Mwezi: Desemba, mwaka fulani wa ufalme wa Karl. Mwisho.

Nikaona mambo manne, moja baada ya jingine, na kila moja lilikuwa linatia mchanga kwenye kitumbua.

Kanisa halipo. Hakuna neno kanisa, hakuna altare, hakuna padri. "Pamoja na kanisa lake" mchungaji wa 1930 aliliweka mwenyewe.

Mwaka umekosewa. Karl alianza kuhesabiwa ufalme tarehe 9 Oktoba 768, kwa hiyo mwaka wake wa kwanza unakwenda mpaka Oktoba 769. Ukikuta hati ya Juni mwaka wake wa 6, unachukua 768 unajumlisha 6 unapata 774, sawa kabisa. Lakini ukikuta ya Desemba mwaka wa 6, hiyo ni Desemba 773. Mchungaji alijumlisha tu. Kwa hiyo hata kama hati ni yetu, sherehe ilikuwa inachelewa mwaka mmoja, na vikombe vilikuwa vimeshaingia tanuruni.

Tatu, X ya chini ilikuwepo. Iko kilomita 3 bondeni, leo ni mashamba ya ngano na rapa (mmea wa mafuta), imo ndani ya mipaka ya kijiji jirani, tena jirani ambaye tunazozana naye kwenye mpira tangu enzi. Vijiji vilivyokufa viko vingi sana Ujerumani. Tauni ya 1348 hadi 1350 iliondoa watu, bei ya nafaka ikaporomoka miaka iliyofuata, ardhi mbaya ikaachwa, waliobaki wakahamia sehemu zenye ukuta au ardhi nzuri. Kinachobaki ni majina ya mashamba. Kuna kipande kule bondeni kwenye ramani ya zamani kinaitwa "Am Kirchhof", penye uwanja wa kanisa, na hakuna kanisa hapo, kuna ngano tu.

La nne ni wale watu 4, nitawarudia.

Sasa hapa ndipo nilipoboronga. Badala ya kwenda nyumbani kwa mwalimu mstaafu nikae naye tunywe kahawa nimuoneshe polepole, nilipeleka kila kitu kwenye kikao, na slaidi, mbele ya watu 14. Mzee wa miaka 78 ambaye maisha yake yote amewafundisha watoto wa hapa kwamba kijiji chao ni cha wakati wa Karl Mkuu. Nilimvua nguo hadharani. Hakusema kitu, akakusanya makaratasi yake akaondoka kabla kikao hakijaisha, na mwenyekiti akaniuliza kwa sauti ya chini kama najua vikombe vimegharimu kiasi gani.

Maamuzi, na kwa nini

Mezani palikuwa na njia tatu. Kufuta sherehe, ambayo hakuna aliyeitaka hata mimi. Kunyamaza na kuendelea, ambayo wengi waliitaka, hoja yao ikiwa vijiji vingine vinafanya hivyo hivyo na nani atakagua. Au kuendelea na tarehe lakini kubadilisha maneno na kusema ukweli kwenye kitabu. Kura ikawa 8 kwa 6, njia ya tatu ikapita, na naamini ilipita kwa sababu ya mchungaji wetu ambaye alisema kitu kimoja tu, kwamba kitabu kitauzwa mlangoni pa kanisa na yeye hawezi kusimama mlangoni anauza kitu anachojua si kweli.

Uamuzi wa pili ulikuwa kutafuta kile tunachoweza kukishika mkononi. Nikaenda hifadhi ya nyaraka ya Marburg, ambako zipo hati nyingi za nyumba za watawa zilizovunjwa na Philipp. Nikapata hati halisi, si nakala, ngozi yenye muhuri, ya miaka ya mwisho ya karne ya 13, ya kuuza fungu la kumi la kijiji chetu, na humo Ober-X imeandikwa kwa jina lake kamili na anatajwa padri wake. Padri maana yake kanisa. Wakati huo huo tukaomba mtaalamu wa pete za miti achukue sampuli kwenye boriti za mnara. Kwa wasiojua, mwaloni unaweka pete moja kwa mwaka, pana mwaka wa mvua, nyembamba mwaka wa ukame, na mfuatano wa pete za mialoni ya Ulaya ya kati umeunganishwa kurudi nyuma zaidi ya miaka elfu 10, kwa hiyo boriti ikiwa bado ina ganda lake wanaweza kukwambia mti ulikatwa msimu gani wa baridi. Boriti zetu zikatoka miaka kama 20 kabla ya ile hati ya Marburg. Nilipopata ile barua pepe nilikuwa kwenye treni na nilicheka peke yangu, watu wakanitazama.

Uamuzi wa tatu hatukuupanga. Wakati ule ule alikuja mchungaji mgeni kutoka dayosisi rafiki Tanzania, wiki tatu, na kwa kuwa mimi ndiye mkalimani nikawa nazunguka naye. Jioni moja ananiona na makaratasi mezani.

"Dada, hebu nisomee tena hapo."

"Shamba moja, malisho yake, na watu wanne, Mchungaji."

"Watu wanne wamefanyaje?"

"Wametolewa. Pamoja na shamba."

Akanyamaza kidogo. "Na nyinyi mnafanyia sherehe hiyo karatasi?"

Nilikuwa nimeisoma mara 50. Nilijua neno la Kilatini, mancipia, nilijua maana yake, na bado sikuwa nimeliona. Kwenye rasimu ya mwalimu iliandikwa "wafanyakazi wanne wa shamba", na mimi msomi nilikuwa nimelipitisha. Kwa Kijerumani wana maneno mengi ya kulainisha hili jambo, na sitaki nami nizidishe upande wa pili, hawa si watu waliokamatwa wakavushwa bahari, wengi wao walikaa na familia zao kwenye kipande cha ardhi na walizaliwa hapo hapo. Lakini mtu ambaye bwana wake anaweza kumtoa zawadi kwa mtakatifu ili yeye bwana aende mbinguni, mimi wa kutoka Afrika Mashariki nikimwita mfanyakazi babu zangu watanicheka. Kwa Kiswahili ningesema watwana, na hata hilo halikai sawasawa. Tukabishana wiki nzima kwenye baraza, tukaishia "watu wanne wasio huru, ambao majina yao hayakuandikwa", na hayo maneno yakaingia kwenye kitabu ukurasa wa kwanza. Mume na mke waliotoa wana majina hadi leo. Wale wanne hawana.

Ilivyoishia

Mwalimu mstaafu alikaa miezi miwili bila kunisalimia. Nilienda kwake mara tatu, mara ya kwanza hakufungua, ya pili alifungua tukaongea habari za maua yake, ya tatu nikamkuta ametandaza ramani sebuleni nzima. Alikuwa ameshakwenda bondeni mwenyewe, kwa ruhusa ya mwenye shamba, na mtu wa idara ya malikale ambaye alikuwa mwanafunzi wake zamani, maana kutafuta vitu ardhini hapa Hessen kunahitaji kibali. Kwenye udongo uliolimwa waliokota vigae vya vyungu, na yule wa malikale akasema vile vya zamani zaidi ni vya karne ya 8 au ya 9. Kwenye kijiji chetu cha juu hakijawahi kupatikana kigae cha zamani hivyo.

Kisha mzee akaniambia jambo ambalo mimi na digrii yangu sikulifikiria. Wakati hati inaandikwa pengine hapakuwa na X ya juu wala ya chini. Palikuwa na X basi. "Ober" na "Nieder" (cha chini) ni maneno yanayokuja pale watu wanapokuwa wengi, wanagawanyika, na mtoza kodi anahitaji kujua ni akina nani anawadai. Kwa hiyo X ya bondeni huenda ndiyo mama, na sisi wa juu tulichipukia huko. Na akaongeza kwamba kwenye daftari la fungu la kumi la karne ya 15 kuna watu wanaolipa kwa ajili ya mashamba ya Nieder-X huku wanaishi Ober-X, yaani kijiji cha chini kilipokufa, angalau baadhi yao walipanda mlima wakaja kwetu.

Kitabu kiliandikwa hivyo. Sura ya kwanza yake, ya pili yangu, na jina lake likatangulia. Kwenye bango tukabandika stika, badala ya "miaka 1250 ya Ober-X" ikawa "miaka 1250 ya jina la X". Ibada ya jubilei haikufanyika kanisani, ilifanyika bondeni kwenye lile shamba la "Am Kirchhof" baada ya mavuno, na ilibidi tuwaombe jirani zetu ruhusa maana ni ardhi yao, wakakubali kwa sharti kwaya yao iimbe na mchungaji wao apate dakika zake. Watu 400 walisimama kwenye mabua ya ngano. Mchungaji mgeni alishaondoka, lakini tulitumia sala aliyoiandika, ya kuwaombea wale wanne, nikaisoma kwa Kiswahili kwanza halafu kwa Kijerumani.

Wapo walionuna. Mzee mmoja wa kwaya alisema hadharani kwamba nimewaletea siasa za utumwa kwenye sikukuu yao, na wapo waliomuunga mkono. Sijui kama nilimshawishi, nadhani hapana.

Nini kilifanya kazi, nini kilifeli

Kosa kubwa ni mpangilio wa kazi. Vikombe viliagizwa kabla hati haijasomwa na mtu hata mmoja. Wote tulikuwa tunasoma kitabu cha mchungaji wa 1930, na yeye inaonekana alisoma orodha ya majina tu nyuma ya toleo la zamani la karne ya 18. Kuna mtu hapo katikati alipaswa kufungua mistari mitano ya Kilatini, na tafsiri nzima ya Kijerumani ipo tangu miaka ya 1960 na 70, yaani hata Kilatini si kisingizio. Kazi ya mchana mmoja.

Kilichotuokoa ni kutenganisha maswali. Tulikuwa na swali moja kubwa, "kijiji na kanisa vina umri gani", na halina jibu. Tulipolikata vipande likaanza kujibika: jina limeandikwa lini mara ya kwanza, watu walikaa hapa lini, jengo ni la lini, padri anatajwa lini. Jina linajibiwa na Lorsch, watu wanajibiwa na vigae, jengo linajibiwa na boriti, padri na hati ya Marburg, na majibu yanapishana kwa miaka 500 na hakuna ubaya. Mtu anayekupa mwaka mmoja kwa maswali yote manne, mwogope.

Watu walitaka pia niandike kwamba Bonifasi, mmisionari wa karne ya 8, alibatiza kwenye chemchemi ya hapa. Kila bonde Hessen lina chemchemi ya Bonifasi. Tunajua alipita Hessen, mwaloni wa Donar, mungu wa kipagani, pale Geismar aliuangusha 723 hivi, aliuawa Frisia 754, lakini ya chemchemi yetu hakuna kitu. Niliiweka kama hadithi, kwa jina la hadithi, na watu waliridhika kuliko nilivyotegemea. Kumbe wengi hawakuwa wanataka iwe kweli, walitaka tu isisahaulike.

Kura ya 8 kwa 6 naiona ilikuwa nyembamba kwa sababu yangu. Ningemfuata mwalimu kwanza faragha, angekuja kikaoni na ramani yake, angelisema yeye, na pengine ingekuwa 13 kwa 1. Ushahidi ulikuwa ule ule, aliyeusema ndiye alikuwa mgeni, kijana kwao, mweusi, na ana slaidi. Nilidhani hoja ikiwa sahihi inatosha. Kwenye kijiji cha watu 600 haitoshi, na kwetu Kilimanjaro pia isingetosha, huko ningejua kwamba mzee hasahihishwi mbele za watu. Sijui kwa nini nilipofika Ulaya niliamini huku wazee hawana haya.

Kuhusu wale wanne, hilo siliwezi kulihesabu kama mbinu iliyofanya kazi. Ilikuwa bahati, macho ya mtu wa nje. Kama mgeni asingekuja wiki ile, kitabu kingetoka na "wafanyakazi wanne wa shamba" na jina langu chini yake.

Vikombe viliuzwa 360 hivi, wengine wakavinunua kwa sababu mwaka umekosewa. Vilivyobaki viko stoo ya usharika na tunavinywea chai kwenye vikao. Mwezi uliopita kijiji jirani wameandika barua rasmi kuomba nakala ya ile hati, maana bonde ni lao na wao sasa wanataka jubilei yao. Mwalimu amewatumia, na hesabu ya Desemba ameiandika pembeni kwa wino mwekundu.